Taka za Njia Panda

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo hupita papo hapo. Msafiri hushuka, hula, hunywa, hutupa, huenda zake. Mwenyeji hubaki na chupa. Tena upo upepo, ambao wataalamu wameupima kwa nia ya kufua umeme; mama afagiaye ua haupimi, aujua. Alichokikusanya asubuhi, jioni kimo uani kwa jirani.

Si kwamba nyumba za Wabena hazikujua kupanga taka. Maganda ya viazi yalikwenda kwa nguruwe, pumba kwa kuku, majivu bustanini; tenga la mwanzi lililochakaa likawa kuni. Kila kilichotoka ndani kilikuwa na pa kwenda, wala haikuitishwa semina. Plastiki ndiyo isiyo na kwao. Hailiwi na mnyama wala na udongo, na ikichomwa uani moshi wake huingia vifuani mwa watoto walewale waliotumwa kuiwasha. (Kiswahili kimeyaweka jirani maneno haya: taka ya kutamani na taka ya kutupa ni sauti moja, na kutakata nako hakuko mbali.)

Zanzibar iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mfuko ukapungua. Chupa ya maji ikasalia.

Lakini chupa ya soda ya kioo ni nadra kuonekana mtaroni. Mwenye duka hudai chupa tupu kwanza, au fedha yake iachwe, basi mtoto aliyetumwa huibeba kama abebaye yai. Hapana aliyemhubiria habari za mazingira. Thamani ya chupa imetosha kumfundisha. Ya plastiki haina rehani. Wakusanyaji huinunua kwa kilo, na kilo moja ni chupa nyingi mno. Nayo ikishachanganywa na makombo ya ugali na mchuzi, hata bei hiyo hupotea.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni ndogo: gunia la plastiki, ndoo ya maganda, pembe ya vyuma chakavu, kila kimoja kitengwe kabla hakijachafuana na kingine. Hilo mama analiweza. Asiloliweza ni kumleta mnunuzi. Gunia likijaa na mtu asije, kiberiti hakiko mbali, na kumlaumu mama kwa moshi huo ni uonevu. Wa kuulizwa ni wale wapelekao chupa juu nyanda za baridi bila ya kujali kurudi kwake, ilhali njia ya kurudi waijua: lori la soda hushusha makreti yaliyojaa na kuondoka na matupu. Pembeni mwa makreti hayo, gunia la mama lingeenea.