Ua la Jiweni

Kabla ya adhana ya alfajiri, stendi ya Magufuli hapa Mbezi Luis huwa imekwisha kuamka. Wapiga debe wanaita miji: Moshi, Arusha, Singida, Lushoto. Upepo ukivuma kutoka upande wa barabara ya Morogoro, sauti zao hunifikia kitandani. Lushoto! Lushoto! Nami hunyamaza, kama mtu aliyeitwa akakosa la kuitikia.

Zamani niliitika. Tangu tulipomzika bibi, mama wa mama yangu, katikati ya migomba yake juu kidogo ya Soni, sijapanda tena basi hilo. Nauli ninayo. Njia ipo palepale: Chalinze, Segera, Korogwe, halafu Mombo, ambako joto la mashamba ya mkonge hubaki chini na basi likaanza kujipinda na mlima, honi kila kona. Pale Soni akina mama bado hukimbilia madirishani na ndoo za mapeasi. Yote yapo. Mbona basi nayaona kama yaliyokwisha? Je, mtu huenda mahali, au siku zote humwendea mtu?

Juzi jirani yangu alirudi kutoka kutembea huko. Yeye na wenzake walikwenda Irente, wakasimama ukingoni mwa mwamba, wakaitazama nyika ya Mazinde chini kabisa hadi magoti yakalegea. Ameniletea chupa ya mvinyo wa Sakharani, unaotengenezwa na Wabenediktini karibu na Soni. Ipo mezani. Sijaifungua. Nalisoma jina lake tu.

Sakarani ni mlevi. Ndiyo lakabu aliyopewa Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyempiga vita Mkwawa. Alipoacha uaskari akawa mlowezi Usambara, akafungua shamba, kisha akauawa katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Dola aliyoipigania imekufa. Wilhelmstal, mji uliobeba jina la Kaisari wao, umekuwa Lushoto. Lakabu yake tu ndiyo iliyosalia. Imebandikwa kwenye chupa, imesafiri mpaka mezani kwangu. Nani huamua jina lipi lidumu? Na waliokata matuta yale mlimani kwa jembe la mkono, majina yao yamebandikwa wapi?

Siulizi kwa hasira. Uchungu wangu ni wa namna nyingine.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Tulikuwa tunateremka kijitoni, bibi mbele na ndoo yake, mimi nyuma nimeshika ncha ya khanga yake. Ukungu ulikuwa mzito, miguu yake naiona, kichwa sikioni. Akasimama penye jiwe kubwa lenye kuvu, kivulini. Ndani ya ufa palikuwa na ua dogo la zambarau. Majani yake yana vinyweleo laini kama sikio la mbuzi mchanga, na katikati ya ua vijinundu viwili vya manjano. Hakulichuma. Aliligusa kwa kidole, kucha ina udongo, akalitaja jina lake kwa Kisambaa.

“Haya, sema na wewe, mjukuu wangu.”

Nadhani nilisema. Mawazo yangu yalikuwa kwenye muwa nilioahidiwa tukirudi.

Miaka mingi baadaye nilikutana na ua lile kitabuni. Saintpaulia, ndivyo lilivyoandikwa, kwa jina la ukoo wa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliyempelekea baba yake ua hilo huko Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Sasa huoteshwa vyunguni, madirishani, katika nchi zenye theluji. Nilimfikiria sana mtu yule. Aliliona ua akamkumbuka baba yake. Siwezi kumwambia kwamba amenipokonya neno. Neno nilipewa mimi, mkononi, na aliyekuwa nalo. Nikaliangusha njiani.

Wasambaa ni wengi hapa Dar. Ningeuliza, ningejibiwa. Lakini lingekuwa lile? Ninalolitafuta lina pumzi ya mwanamke aliyetoka kupalilia, lina ukungu ndani yake, lina mjukuu anayesubiri muwa. Atanipa nani hilo?

Na huyu Luis wa mtaani kwetu, alikuwa nani? Makonda wanamtaja tangu asubuhi hadi usiku, Mbezi Luis, Mbezi Luis, abiria wanashuka na mizigo yao, hakuna anayemuulizia. Kumbe mtu anaweza kutajwa mara elfu kwa siku na asikumbukwe hata mara moja. Bibi hatajwi popote. Ninamkumbuka mimi. Mimi nikiondoka, jiwe lile litakuwa jiwe la nani?

Saa kumi na moja. Nimewasha taa, nimekaa mbele ya chupa. Najaribu tena. Midomo yake ilikutana kwanza, hilo nalikumbuka vizuri, kisha ikafunguka taratibu. Naikutanisha yangu. Naifungua. Pumzi inatoka, haina neno.

Kule stendi wanaita: Lushoto, bado viti viwili!