Bagamoyo ya Tukuyu: Mvua ikikatika, uwanja ni wa familia

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kuwa unakwenda Bagamoyo, atakuagiza samaki. Bagamoyo ninayoizungumzia leo haina bahari. Ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, kilomita zipatazo 70 kutoka jijini Mbeya, kwenye barabara kuu iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Badala ya minazi utaona migomba, na badala ya feni utahitaji sweta. Mtoto aliyezoea joto la Pwani atakuuliza kwa nini asubuhi anatoa moshi mdomoni.

Mzazi anayepanga kwenda huku na watoto, au anayeishi huku na anatafuta pa kuwapeleka mwishoni mwa wiki, aanze kwa kuangalia mawingu. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Kwa mwaka hupata mvua inayozidi milimita 2,000, zaidi ya mara tatu ya ile inayonyesha Dodoma. Mvua huanza Novemba na kwenda hadi Mei, na Aprili ndiyo mwezi wa kutotoka bila mwavuli.

Kwa sababu hiyo, maisha ya viwanjani hapa yana msimu. Wakati wa mvua, uwanja ni matope na mbuzi wa jirani. Mvua ikikatika, kuanzia Juni hadi Oktoba, uwanja huohuo unakuwa sebule ya mji mzima.

Bustani yenyewe ni uwanja

Wazazi wa miji mikubwa wakisikia neno bustani hufikiria geti, kiingilio, bembea na soda ya bei mbaya. Tukuyu ni mji mdogo, na mahali pa umma pa kukutania ni uwanja wa mpira, viwanja vya shule na maeneo ya wazi karibu na soko na ofisi za kata. Mtoto hahitaji tiketi ili acheze. Anahitaji wenzake, mpira wa aina yoyote na mtu mzima mmoja wa kumtupia jicho.

Uwanja unaojulikana zaidi mjini ni Tandale. Wapenzi wa soka wenye umri wa babu zetu watakukumbusha kuwa mji huu ulitoa Tukuyu Stars, timu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 na kuziacha Simba na Yanga zikishangaa. Ukikaa pembeni ya uwanja jioni ya Julai na mzee wa hapa, hadithi hiyo utaipata bila kuiomba. Mpe mtoto wako nafasi aisikie, kwa kuwa ni vizuri ajue kwamba mji mdogo nao unaweza kushinda.

Desturi ya watoto kukua pamoja nje ya nyumba ni ya zamani Unyakyusa. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku miaka ya 1930, waliandika kuhusu vijiji vya marika: wavulana waliofikia umri wa miaka kama 10 au 11 walijenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha wazazi, wakawa wanalala huko na wenzao wa umri mmoja, ingawa chakula waliendelea kula kwa mama zao. Vijiji hivyo leo havipo tena kwa namna ile. Wazo lake bado lina maana: mtoto anajifunza mengi kwa mtoto mwenzake, mradi chakula na macho ya wazazi havipo mbali.

Sayansi ya afya nayo inasema hivyohivyo kwa lugha yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka mitano hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na wa mwaka mmoja hadi minne apate dakika 180 za kusogea kwa namna mbalimbali. Simu ya mama haitoi hata dakika moja ya hizo.

Kalenda ya msimu wa kiangazi

Juni ndiyo mwezi wa kuanzia. Shule za msingi huingia kwenye michezo ya UMITASHUMTA, na kabla timu hazijachaguliwa kwenda ngazi za juu, mashindano huanzia kwenye shule na kata. Hakuna kiingilio, na kelele za watoto wakishangilia mbio za kupokezana vijiti zinatosha kuwa burudani. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, ambapo watoto hupanda jukwaani kuimba, kuigiza na kuwaambia wakubwa mambo ambayo nyumbani hawayasemi.

Agosti inaleta Nanenane. Kwa Nyanda za Juu Kusini, maonyesho hufanyika Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale, yakihitimishwa tarehe 8. Familia nyingi za Rungwe hupanda gari asubuhi na kurudi jioni. Mtoto anaona ng'ombe wa maziwa, mashine, samaki wa bwawa na miche ya parachichi, zao ambalo sasa linaingizia wilaya hii fedha pamoja na chai na ndizi. Nenda mapema, kwa sababu mchana umati ni mkubwa. Mwandikie mtoto mdogo namba yako ya simu kwenye karatasi na uiweke mfukoni mwake.

Kisha kuna ngoma. Tukuyu imekuwa mwenyeji wa tamasha la ngoma za asili lililoanzishwa na Dk Tulia Ackson, ambaye asili yake ni Rungwe. Vikundi hutoka wilaya na mikoa mbalimbali, na Wanyakyusa wenyewe huonyesha ing'oma yao. Tarehe hutangazwa na waandaaji, hivyo ulizia kabla ya kukata tiketi ya basi. Kwa mtoto aliyezaliwa mjini na asiyejua lugha ya bibi yake, ngoma ni somo ambalo hakuna katuni inayoweza kulifundisha. Mfundishe aseme "ndaga" akipewa kitu, yaani ahsante, naye atapendwa uwanja mzima.

Siku ambayo hatuivalii nguo nzuri

Nikiwa mwandishi wa habari za afya, naangalia uwanja kwa jicho jingine pia. Kuna tukio la msimu linalotuhusu wazazi kuliko mpira na ngoma, lakini halina spika kubwa wala nyama choma. Ni siku ya mizani.

Mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, nchi nzima hufanya mwezi wa afya na lishe ya mtoto. Watoto wa miezi sita hadi 59 hupewa matone ya vitamini A, na wale waliotimiza mwaka mmoja hupewa dawa ya minyoo. Zaidi ya hapo, kila robo mwaka kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, au ya mtaa kwa walio mjini. Hufanyika kwenye zahanati, ofisi ya mtaa, shuleni au chini ya mti: watoto hupimwa uzito, urefu na mzunguko wa mkono, na wazazi huelezwa namna ya kupika chakula cha mtoto kwa vitu vilivyopo nyumbani.

Mtu anaweza kusema Rungwe haihitaji mambo hayo, kwa kuwa chakula kimejaa. Ni kweli sokoni utakuta ndizi, viazi, maharage, mboga, maziwa na parachichi kwa bei ambayo mtu wa Dar ataona anataniwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa ulioongoza ulikuwa Iringa, ambako ni zaidi ya nusu. Njombe nayo ilikuwa karibu na nusu. Hii ni mikoa jirani zetu ya nyanda za juu inayolisha nchi.

Sababu ni kwamba shamba kuwa na chakula na sahani ya mtoto kuwa na chakula ni mambo mawili tofauti. Mama akiwa kwenye chai au shambani tangu alfajiri, mtoto wa miezi minane anaachiwa dada yake mwenye miaka tisa na uji mweupe. Mbalaga, yaani ndizi za kupika, zinashibisha, lakini peke yake hazimjengi mtoto. Akipondewa pamoja na maharage, akapewa kipande cha parachichi na maziwa yaliyochemshwa kwa aliyevuka mwaka mmoja, hesabu inabadilika. Na udumavu hauonekani kwa macho, kwa sababu mtoto aliyedumaa anacheza na anacheka. Wazazi husema amemfuata babu yake aliyekuwa mfupi. Anayeweza kukuambia ukweli ni kipimo, na muda wa kurekebisha ni siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Kwenye ngoma baba anambeba mtoto mabegani ili aone vizuri. Kwenye mizani anakuja mama peke yake, tena ikiwa mvua haijanyesha. Siku ya mizani ya Machi haisubiri Julai, na mtoto aliyekosa vipimo viwili kwa sababu ya matope ameshamaliza nusu mwaka wa ukuaji wake bila mtu kujua anakwendaje.

Mto mzuri wenye inzi wadogo

Wageni wengi wakishachoka na uwanja hutaka kuona Daraja la Mungu, daraja la mwamba lililojitengeneza juu ya Mto Kiwira, na Kijungu, mahali ambapo maji ya mto huohuo yanazama kwenye shimo la jiwe na kuzunguka kama yanachemka. Ni sehemu nzuri, na ni sehemu za kumshika mtoto mkono bila kuachia. Miamba inateleza na maji hayana huruma.

Kuna jambo jingine wageni hawaambiwi. Mito yenye maji yaendayo kasi ndiyo mazalia ya inzi wadogo weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi na mwishowe kuharibu macho. Eneo la Tukuyu, linalohusisha Rungwe na wilaya jirani, ni miongoni mwa maeneo yaliyokuwa na usubi nchini, na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo hapa kimeufuatilia kwa miaka mingi.

Mgeni wa siku mbili asiogope. Maambukizi yenye madhara hutokana na kung'atwa mara nyingi kwa muda mrefu, na inzi hao hung'ata mchana, hivyo nguo za mikono mirefu na suruali zinasaidia. Habari hii inamhusu zaidi mzazi mkazi. Kwa zaidi ya miaka 20, wagawa dawa wa jamii wamekuwa wakigawa kingatiba ya ivermectin. Hawapimi kwa mizani, wanatumia kijiti chenye alama kujua urefu wa mtu na idadi ya vidonge vyake. Mtoto ambaye hajafikia sentimita 90 hapewi, wala mjamzito, wala mama aliyejifungua wiki hiyo.

Dawa hiyo huua minyoo michanga, huku minyoo mikubwa ikiishi mwilini kwa miaka mingi. Ndiyo maana inarudiwa kila mwaka, na nyumba moja inayokataa huwabakizia majirani ugonjwa. Mgawa dawa akibisha hodi, hata kama hakuna anayeumwa, mpokee.

Ukipanga safari

Chagua Juni hadi Oktoba. Beba sweta, soksi na koti jepesi la mvua hata Agosti, kwa kuwa Tukuyu haina ahadi kamili na jua. Mtoto mwenye pumu asisahau dawa yake, maana ukungu wa asubuhi na moshi wa kuni jikoni vinaweza kumsumbua. Mpe maji yaliyochemshwa, na matunda ya sokoni yaoshwe kabla ya kuliwa. Mtoto akipata homa baada ya safari, apimwe malaria. Baridi ya Tukuyu isikudanganye, hasa kama mmepitia Kyela kwenye joto la ziwa.

Na weka kadi ya kliniki ya mtoto kwenye begi, pamoja na sweta. Ikiwa mmekuja likizo ya Juni au Desemba, mtoto anaweza kupata matone yake ya vitamini A kwenye kituo chochote cha afya kilicho karibu. Hakuna anayeulizwa yeye ni wa mkoa gani.

Kwa viongozi wa mitaa na waandaaji wa matamasha, ombi la wazazi linaweza kuwa fupi. Pale ambapo watu 1,000 wamekusanyika kuangalia ngoma, meza moja yenye mizani, kibao cha kupimia urefu na muuguzi wawili haiharibu sherehe. Baba aliyembeba mtoto mabegani atapita hapo, atamshusha, atasomewa namba, na huenda kwa mara ya kwanza atajua mwanawe ana kilo ngapi.