Ukija kwa mazoezi ya vitendo, njoo na swali dogo

Ndugu mwanafunzi, ukija Chiungutwa usituletee kichwa cha utafiti kama "Changamoto za zao la korosho". Ni kikubwa mno. Utaishia kunakili vitabu. Mimi huwashauri wanaopita kwangu wachukue swali moja linalojibika shambani: je, mikorosho iliyopogolewa inashambuliwa kidogo na ubwiriunga kuliko isiyopogolewa?

Kisha fanya hivi:

1. Chagua miti kwa kura. Ukihesabu ya kando ya njia tu, hujapima shamba.
2. Linganisha miti iliyopulizwa salfa sawasawa, la sivyo hutajua kilichosaidia ni salfa au kupogoa.
3. Andika siku hiyo hiyo: tarehe, mashada ya maua uliyokagua, na mangapi yana unga mweupe.
4. Tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. Maelezo ya TARI Naliendele ukiyatumia, taja kuwa ni yao.

Siku ya kuwasilisha, anza na jibu, ndipo ueleze ulivyolipata. Kwa wakulima, usiseme asilimia peke yake. Sema "katika mashada 10, manne yameungua".

Jiandae pia kwa swali la mzee mwenye shamba: "Mwanangu, sasa nipogoe au niache?" Vibarua atawalipa kwa fedha ya ada ya mtoto. Kama hesabu yako haitoshi kumjibu, mwambie haitoshi. Wewe unatafuta alama. Yeye ana msimu mmoja tu kwa mwaka.