Barua kwa Mpwa Wangu Kabla ya Kikao cha Jumamosi

Mkuyuni, Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua imeharibu barabara ya kutoka Kiroka kwa mara nyingine, lakini magari ya ndizi yanapita. Nimepata ujumbe wako kuhusu kikao cha kamati ya timu yetu, nikaona nikujibu kwa barua. Jambo lenyewe linataka kusomwa taratibu na kurudiwa, na kwenye simu maneno hukatika kabla hayajafika mwisho.

Umeniambia kamati inataka kumpeleka mshambuliaji wetu wa kati kwa vijana wa Kiroka, nasi tupewe beki wao. Ligi imefika katikati, tunaburuza mkia, na yeye tangu ianze hajafunga. Wewe ni katibu, na jina la atakayeondoka litaandikwa kwa mkono wako. Mimi kwenye kamati yenu sina kura. Ila kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba hakai kimya mtoto wa dada yake anapotaka kutia sahihi kwenye jambo linalomhusu mtoto wa mtu. Msimamo wangu nautanguliza: abaki.

Najua mnachokiona. Mshambuliaji anahesabiwa kwa mabao, hiyo ni kazi yake, na hata mimi nikiwa pale pembeni ya uwanja naumia mpira unapompita mbele ya goli. Lakini mimi huwa nipo uwanjani, wewe upo mjini na matokeo unayapata jioni kwa simu. Kwa hiyo nikueleze nilichokiona.

Msimu uliopita mabao yake mengi yalitoka krosi za yule winga wetu wa kushoto. Yule kijana sasa yuko Dar es Salaam anatafuta maisha. Aliyechukua nafasi yake anatumia mguu wa kulia. Kila akipata mpira anaingia ndani na kupiga mwenyewe. Simlaumu, ndivyo alivyo. Matokeo yake ni kwamba mshambuliaji wetu siku hizi anapokea mipira mirefu ya mabeki, akiwa amelipa goli mgongo na watu wawili wako nyuma yake. Uwanja wetu nao unaujua, umelalia upande mmoja, mpira mrefu ukidunda unakimbilia bondeni. Akichoka kusubiri anashuka katikati kuutafuta, na mpira ukija kufika kwenye boksi, boksi halina mtu. Watazamaji wanasema hajui kujipanga. Waulize basi ni krosi ngapi za maana zimepigwa tangu ligi ianze.

Jingine ni hili. Mabao mengi tuliyofungwa yametoka kwenye kona na faulo za pembeni. Anayerudi nyuma kuruka na kuokoa kona hizo ni nani? Ni yeye, maana ndiye mrefu kuliko wote tulio nao. Mnataka kumtoa ili mpate beki, na mkimtoa mtakuwa mmeondoa mtu anayeokoa kwa kichwa mpira mmoja baada ya mwingine ndani ya boksi letu. Sijui kama kuna mtu aliyelisema hilo kwenye kamati. Kama hakuna, liseme wewe.

Yapo pia mambo ya maisha yake ambayo ni ya kweli na hayahitaji kufichwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi anapakia ndizi kwenye malori ya wanunuzi wanaowahi masoko ya mjini. Anafika uwanjani hajalala. Ndicho kibarua kinachowalisha wadogo zake, na kamati haimlipi chochote zaidi ya jezi na maji ya kunywa. Mtu anayecheza dakika 90 baada ya kubeba mikungu usiku kucha hawezi kuwa mwepesi. Hili linarekebishika kwa mazungumzo: anaweza kuanzia benchi na kuingia kipindi cha pili, au mechi zetu za nyumbani zikaombewa Jumapili.

Sasa nikutoe Mkuyuni kidogo. Kibu Denis unamjua. Simba walimchukua Mbeya City mwaka 2021, msimu wa kwanza akafunga na watu wakampenda, kisha mabao yakakauka. Msimu wa 2023/24 mashabiki walimchoka. Bao lake la ligi wanalolikumbuka ni lile la kusawazisha dhidi ya Yanga tarehe 5 Novemba 2023, na hata hilo lilizikwa maana siku hiyo Simba ilifungwa 5–1. Mwaka 2024 klabu ikamwongezea mkataba, watu wakauliza viongozi wanaona nini. Halafu akafanya jambo ambalo mimi silitetei: wenzake wako kambini Misri kujiandaa na msimu, yeye akaenda Norway kutafuta timu. Wakati huo ungepiga kura ya mashabiki, angeondoka siku hiyohiyo.

Alirudi, akapewa nafasi. Septemba 2024, Uwanja wa Mkapa, Al Ahli Tripoli ya Libya wakatangulia kufunga, na aliyesawazisha alikuwa Kibu. Simba ikashinda 3–1 na kuingia makundi ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 15 Desemba wakaja CS Sfaxien wa Tunisia, nao wakafunga mapema. Kibu akasawazisha, na dakika za nyongeza akafunga la pili. Simba ile ilifika fainali mwaka 2025, ikafungwa na RS Berkane 2–0 Morocco na kutoka sare ya 1–1 Zanzibar. Kombe halikuja, ila bila mabao yale ya mtu aliyezomewa safari ingeishia mbali na fainali.

Ninachotaka ukione kwa Kibu ni sababu iliyowafanya makocha wamvumilie. Hata alipokuwa hafungi, alikuwa anakimbia. Alikaba, alirudi kumsaidia beki wa pembeni, aliwachosha mabeki wa timu pinzani. Mchezaji aliyeacha kufunga na mchezaji aliyeacha kucheza ni watu wawili tofauti, mpwa wangu, na kamati nyingi huwachanganya kwa sababu kwenye karatasi ya matokeo wanafanana. Wa kwanza unamsubiri na kumsaidia. Wa pili unamwita, unazungumza naye mara moja, na asipobadilika unaachana naye. Wetu ni wa kwanza. Mtazame hata mpira ukiwa kwa kipa wao: bado anamkimbilia.

Mtasema Simba ina fedha za kusubiri na sisi hatuna. Basi tazama walipokosa subira. Msimu huohuo wa 2023/24, baada ya kipigo cha Yanga, kocha Robertinho alifukuzwa, akaja Benchikha, na dirisha dogo la Januari 2024 klabu ikawaondoa washambuliaji wawili kwa mpigo, Jean Baleke na Moses Phiri. Baleke alikuwa anafunga, Phiri tayari alikuwa anaijua ligi. Wakaletwa Freddy Michael na Pa Omar Jobe, watu wapya, katikati ya msimu, ndani ya timu iliyokuwa inayumba. Msimu ulipokwisha Simba na Azam walikuwa na pointi 69 kila mmoja, na Azam wakashika nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao. Tofauti ya mabao! Simba ikakosa Ligi ya Mabingwa. Siwezi kuapa kwamba Baleke na Phiri wangebaki mambo yangekuwa mengine, lakini mimi naamini hivyo, na mashabiki wengi wa Simba ninaowajua hapa Mkuyuni wanaamini hivyo.

Na Azam wenyewe waliwahi kulipia kosa la namna hiyo. John Bocco alikuwa mtu wao tangu klabu haijapanda Ligi Kuu. Msimu wa 2011/12 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19. Majeraha yakaanza, watu wakasema amekwisha, na mwaka 2017 mkataba ulipofika mwisho wakamwacha aende. Akahamia Simba, na msimu wake wa kwanza tu Simba ikachukua ubingwa iliokuwa imeukosa tangu 2012. Ilikuwa ni mwanzo wa mataji manne mfululizo. Mwaka 2021 Bocco akawa tena mfungaji bora, kwa mabao 16. Mtu aliyesemwa amekwisha.

Haki inanitaka niseme pia kwamba kung'ang'ania mtu kwa jina lake la zamani ni kosa. Luis Miquissone aliuzwa Al Ahly ya Misri mwaka 2021 akiwa moto, na aliporudishwa Simba mwaka 2023 alipokelewa kwa shangwe, lakini mguu haukuwa ule. Klabu ilinunua kumbukumbu. Kwa hiyo sikuambii umtetee huyu kijana kwa mabao ya mwaka jana. Mtetee kwa anayoyafanya sasa ambayo hamyahesabu.

Na kuna timu zinazoweza kuachia watu bila kuanguka. Ya kwetu wana Morogoro, Mtibwa Sugar, mwaka 2016 iliwaachia Simba wachezaji watatu kwa mkupuo: Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Timu nyingine ingekufa. Mtibwa mwaka 2018 ikaenda Arusha ikaifunga Singida United 3–2 na kubeba Kombe la Shirikisho la TFF, kwa sababu pale Turiani nyuma ya kila aliyeondoka kulikuwa na kijana wa timu ya pili aliyekuwa anangoja. Baadaye nao wakachoka, wakashuka daraja mwaka 2024, wakapanda tena mwaka uliofuata wakiwa mabingwa wa Championship. Swali la kuwauliza wenzako ni jepesi: nyuma ya huyu mnayemtoa, ni nani anangoja? Mimi sijamwona. Vijana wa sekondari wapo wawili watatu wenye mbio, lakini hakuna anayeweza kusimama na beki mtu mzima.

Kuhusu huyo beki wa Kiroka: nimemwona mara moja, ana nguvu na anapiga mpira mbali. Sina neno baya juu yake. Lakini timu inayomtoa beki wake katikati ya ligi inajua jambo ambalo sisi hatulijui. Ulizeni kwanza kwa nini wako tayari kumwachia. Huenda ana goti, huenda amegombana na kocha, huenda amepata kazi mjini na mechi tatu zijazo hatakuwepo. Vilabu vikubwa vina madaktari na wanasheria wa kuchunguza mambo haya, na bado baadhi ya vilabu hivyo vimewahi kufungiwa na FIFA visisajili kwa sababu ya kuwaacha watu bila kuwalipa haki zao. Sisi tuna miguu yetu tu. Kiroka si mbali, panda bodaboda uende ukaulize.

Namna ya kumwacha mtu nayo ni jambo zito. Wachezaji wetu hawana mikataba. Wana jina kwenye fomu na neno tulilowapa. Ikiwa kura itakwenda kinyume na mimi, nakuomba usikubali habari itangulie kwenye kundi la WhatsApp. Aitwe, aambiwe usoni na kocha na wewe ukiwepo, aelezwe sababu, aulizwe kama Kiroka anataka kwenda. Anaweza kukataa, na ni haki yake. Nimeona vijana wawili hapa walioacha mpira kabisa kwa sababu walisikia kijiweni kwamba wametemwa. Mmoja wao alikuwa na mguu wa kushoto ambao leo tungeuhitaji.

Hivyo kwenye kikao pendekeza mambo haya. Abaki mpaka mechi ya mwisho ya ligi. Yule winga ahamishiwe kulia kwenye mguu wake, na kushoto ajaribiwe kijana wa sekondari anayetumia mguu wa kushoto. Mwalimu wa michezo anamjua. Kocha amwambie mshambuliaji asishuke kupita duara la katikati. Na wewe mwenyewe zungumza na msimamizi wa malori, ni mtu wa kuelewa, umwombe kijana asipangwe usiku wa kuamkia mechi. Hayo yakifanyika na bado akashindwa, mwisho wa msimu mtamwacha na mimi sitafungua mdomo.

Wenzako wana hasira, na hasira yao naielewa, hakuna anayependa kurudi nyumbani kila wiki amefungwa. Lakini wewe ndiye katibu na wanakusikiliza. Usipige kura ya kumtoa mpaka umekuja kuitazama timu kwa macho yako. Ijumaa jioni wanafanya mazoezi, njoo siku hiyo ulale nyumbani, asubuhi uende kikaoni.

Mimi mjomba wako,
Mkuyuni