"Many" ao "much": tuangalie kwanza jina



Siku hizi, saa ya kujifunza magaribi, sisi wa kalasi ya sita tunasikia wadogo zetu wanabishana juu ya Kiingereza. Mumoja anasema "many money", mwengine anasema "much books", na kalasi nzima inacheka. Kucheka hivi hakufai. Mwenye kusema vile hakosi akili, anafuata tu njia ya luga anazozijua. Kifaransa kinasema "beaucoup de livres", kinasema tena "beaucoup d'eau": neno ni moja tu. Na sisi huku mtaani tuko tunasema watu mingi, maji mingi, feza mingi. Hapo pia neno ni moja.

Lakini Kiswahili cha vitabu kinatusaidia. Mule tunaandika watu wengi, vitabu vingi, mchanga mwingi. Jina ndilo linaamuru, neno la nyuma linatii. Kiingereza nacho kinafanya karibu vile, ila makundi yake ni mawili tu: vitu vya kuhesabu, na vitu visivyohesabika. Vya kuhesabu: "many books, few chairs". Visivyohesabika: "much water, little salt". Basi mbele ya kuandika "many" ao "much", tuangalie kwanza jina.

Mtu atauliza: feza si tunazihesabu kila siku? Ndiyo, lakini Mwingereza anahesabu faranga, hahesabu neno "money". Kwa hiyo anasema "many francs", lakini "much money". Mkate ni vilevile: hasemi "two breads", anasema "two loaves of bread". Ni kama mama sokoni: hahesabu mchele punje kwa punje, anahesabu makopo.

Kuko maneno yanayotutega sisi tunaosoma kwa Kifaransa. "Conseils, informations, meubles, bagages": Kifaransa kinayahesabu yote. Kiingereza kinakataa. "Advice, information, furniture, luggage" hayapokei "s", hayapokei "many". Ukitaka moja, sema "a piece of advice". Na "news", hata iko na "s" kwa mwisho, ni umoja: "the news is good".

Musifikiri ni mambo madogo. Tulipoandika barua kwa marafiki wa Uingereza kuomba vitabu, mabishano yalikuwa makali. Nusu ya kalasi ilitaka "We have a few books", kwani waliona ni maneno ya adabu. Wengine walitaka "We have few books". Tofauti ni herufi moja! Lakini "a few" maana yake viko vichache na vinasaidia; "few" maana yake ni vichache, havitoshi. Sisi tuko wanafunzi 42, na vitabu vya Kiingereza ni 9. Msomaji akiona "a few", atafikiri hatuna shida kubwa, ataweka barua pembeni. Tukaandika "few". Kusema ukweli pia ni adabu.

Ni vile kwa "a little" na "little". Mgonjwa akiambiwa kuko "a little hope", anapata nguvu. Akiambiwa kuko "little hope", watu wa kwake wanaanza kulia.

Wadogo zetu, sisi tunakaribia mtihani wa Serikali, na mule ndani hakuna mtu wa kuuliza. Ninyi muko bado na wakati. Kila jina jipya munaloandika katika kaye, muandike kando yake "many" ao "much", siku ileile. Mukichoka kuchagua, "a lot of" inakubali makundi yote mawili; lakini kwa kuuliza haitasaidia, lazima "how many" ao "how much". Na mwenye kubaki na shaka atukute magaribi, meza ya nyuma. Hatutacheka.