Damu Ikishatoka Mkononi

Wadau, tukienda kupima damu macho yote huwa kwenye sindano. Ikichomolewa tunabonyeza pamba, tunashusha mkono wa shati, tunaondoka. Siku hizi mimi nabaki nakitazama kichupa.

Sababu ni mama mdogo, ana kisukari. Mwezi uliopita nilimsindikiza zahanati moja (jina nalihifadhi). Akatolewa damu saa tatu asubuhi, kichupa kikawekwa dirishani kusubiri bodaboda wa kukipeleka maabara mjini. Saa saba bado kipo palepale, jua linakipiga.

Ubaya uko wapi? Damu ikiwa kichupani bado iko hai. Chembechembe zake zinaendelea kula sukari, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto la Dar zaidi ya hapo. Ndiyo maana kuna kichupa cha kifuniko cha kijivu, chenye floraidi ya kuzuia ulaji huo (japo nayo haizuii papo hapo). Cha mama mdogo kilikuwa chekundu. Mashine inapima ilicholetewa tu. Mgonjwa anaambiwa sukari imeshuka, anapunguziwa dawa, kumbe iko juu!

Na lebo je? Inatakiwa kuandikwa mbele yako, kabla mtoa damu hajasogea. Pale ziliandikwa baadaye, kwa kukumbuka. Kumbukumbu gani hiyo jamani, na benchi limejaa watu?

Nikamwomba dada amtoe upya, kwenye cha kijivu. Alinuna, lakini akatoa. Safari hii nilikipeleka mwenyewe, kwa bajaji.