Vitambaa Ndani ya Biblia

Fundi aliyenishonea sare ya kwaya alikuwa Mwislamu, na ndani ya mtoto wa meza ya cherehani yake, pamoja na mikebe ya vifungo, aliweka Biblia. Ilikuwa ile ya tafsiri ya Muungano, jalada jeusi, kona zimechakaa. Katikati ya kurasa alichomeka vipande vya vitambaa, masalia ya kazi zake. Vya kijani vilikuwa pale anapoona habari za Mtume wake: Kumbukumbu la Torati 18, penye ahadi ya nabii mfano wa Musa, Wimbo Ulio Bora 5, penye neno la Kiebrania linalosikika karibu na jina la Muhammad, Yohana 14, penye Msaidizi atakayekuja. Vyekundu vilikuwa pale asipoamini kwamba ni maneno ya Mungu.

Hiyo ilikuwa Ngamiani, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilikuwa na miaka 19, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, na mihadhara nilikwisha kuionja. Watu wa rika langu wanaikumbuka: kipaza sauti kinakoroma, mhadhiri wa Kiislamu ameshika Biblia ya Kiswahili, anaitaja sura na aya bila kubabaika, na sisi vijana wa kanisani tumesimama nyuma tukiandika viganjani ili tukaulizie nyumbani. Mtindo ule ulitoka mbali. Vijitabu na kanda za Ahmed Deedat wa Durban vilikuwa vimefika huku kwetu, na Deedat naye aliamshwa na Izhar al-Haqq, kitabu cha Rahmatullah Kairanawi, yule aliyejadiliana na mmisionari Pfander mjini Agra mwaka 1854. Kwa upande wetu nako hakukuwa shwari. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alitoa Kurani kwa Kiswahili, akaisindikiza kwa maelezo ya kuijibu. Tuliokuwa tukibishana uwanjani tulikuwa tumerithi ugomvi wa watu waliokufa zamani.

Siku ya kuchukua sare nilikwenda nimejiandaa. Majibu ya Utatu nilikuwa nayo, ya msalaba nilikuwa nayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shati lako limebaki vifungo viwili. Kaa."

Nikakaa, nikamwuliza juu ya kitambaa chekundu kilichochomoza katika 2 Samweli 11. Hakuacha kushona.

"Hapo pana habari kwamba Nabii Daudi alimtamani mke wa askari wake, akamchukua, kisha akampeleka mumewe vitani akafe. Wewe unaiamini?"

"Naiamini, mzee. Imeandikwa."

Akasimamisha cherehani kwa kiganja, akavua miwani. "Daudi? Aliyepewa Zaburi? Milima na ndege vikimsabihi Mungu pamoja naye?" Sauti ilimtetemeka. "Baba yako angeandikwa hivi, ungenyamaza?"

Sikuwa na jibu la hilo. Nilidhani nimekuja kwa mtu anayekidharau kitabu changu, kumbe nimemkuta anamtetea Daudi. Katika darasa la vijana nilifundishwa kwamba tahrif, lile neno la Kiarabu la kupotoshwa kwa maandiko, ni tusi tunalotukanwa sisi. Hakuna aliyenieleza linaota wapi. Kwa Mwislamu, manabii wamekingwa wasiangukie uchafu wa namna ile. Akifika kwa Nuhu aliyelewa divai, kwa Lutu na binti zake, kwa Haruni anayetengeneza ndama (katika Kurani aliyetengeneza ni Msamiri), anachagua kumwamini nabii na kuushuku wino. Unaweza kumkatalia, na mimi namkatalia hadi leo, lakini huwezi kusema hana heshima. Heshima ndiyo inayomsukuma.

Wala wanazuoni wao hawana kauli moja. Ibn Hazm wa Andalusia, katika karne ya 11, alishikilia kwamba maandishi yenyewe yamechezewa. Wengine walisema maandishi yapo, kilichopotoshwa ni maana, kwa midomo ya wasomaji. Al-Biqai alipokuwa Kairo katika karne ya 15 aliifasiri Kurani akitumia Torati na Injili. Alipopingwa, aliandika kitabu kizima kutetea uamuzi wake. Mambo haya niliyasoma ukubwani, na kila nilipoyasoma nilimwona yule mzee ameshika miwani.

Siku ile nilijaribu kumweleza, kwa maneno ya kujikwaa, kwamba sisi tunaisoma habari ya Bathsheba, mke wa yule askari Uria, kwa sababu ya kinachofuata. Aliyechaguliwa na Mungu ameanguka, na Mungu hakumtupa. Tungeificha dhambi ya Daudi, tungemwambia nini mlevi anayekuja ibada ya Jumapili? Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia Mwislamu kile ninachokipenda katika Biblia. Kabla ya hapo nilikuwa nawapa aya za kujibu aya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka uani, akatawadha, akarudi na msahafu wake wa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Akafungua Surat Sad. Watu wawili wanaingia kwa Daudi wakiwa na kesi: mmoja ana kondoo 99, naye anamtaka na yule mmoja wa mwenzake. Daudi anahukumu, mara anatambua kwamba ametahiniwa, anaanguka chini akiomba msamaha.

Nikafungua Biblia yake ukurasa unaofuata kile kitambaa chekundu, sura ya 12, nikamsomea. Nathani anamjia Daudi na habari ya tajiri mwenye makundi ya mifugo aliyemchukua mwana-kondoo mmoja wa maskini.

"Kondoo mmoja," alisema.

Tukatazamana. Nilijua baadaye kwamba wafasiri wa mwanzo wa Kurani waliisimulia habari ya mke wa Uria papo hapo kwenye aya zile, na kwamba Ibn Kathir, karne ya 14, aliikataa kuwa ni masimulizi ya Wayahudi yasiyo na uthibitisho. Nilijua pia kwamba si sisi wawili tu tuliokutana juu ya maandiko: mwaka 2007 wanazuoni 138 wa Kiislamu walipowaandikia viongozi wa makanisa, waliitaja amri kuu katika Marko 12 wakitafuta pa kusimama pamoja. Na Zaburi zenyewe: mmisionari Edward Steere alipokuwa Zanzibar, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kwa Kiswahili safi kutoka Kiarabu alikuwa Sheikh Abdulaziz, mwanazuoni wa Kiislamu.

Mimi nina Kurani sasa, ile ile ya Farsy. Juzi niliipekua na kukuta alama zangu za penseli za ujanani: Al-Imran 45, An-Nisaa 171, Yunus 94, pote ambapo niliona kitu cha kumshinda Mwislamu. Kwenye Surat Sad kurasa zilikuwa safi kama zilivyotoka dukani. Niliona aibu. Nilikuwa na vitambaa vyangu.

Siku ile, adhana ya Alasiri ilitukuta bado tumeinamia vitabu viwili. Mzee alinikabidhi shati, vifungo vyote vimekaa, akatafuta kofia yake.

"Sura ya 11 siikubali," alisema akivaa viatu. "Ila hiyo ya 12 usiifunge. Iache wazi hapo hapo, nitaisoma nikitoka msikitini."